Hodi kwa Kivumbasi

Kuku ndio waliosemeshwa kwanza. Siku fundi Leokadia alipofunga kisemeo kwenye shina la kivumbasi cha Bibi Sikudhani, watu wa Lubwe walijaa uani kusikia kichaka kitatamka nini. Wapo waliodhani kitalia, wapo waliodhani kitatoa unabii. Kikanyamaza. Watu wakaanza kupiga miayo. Halafu mtetea mmoja akasogea kuparua mchanga penye mizizi, na kichaka kikafoka kwa sauti ya mwanamke mzima aliyechoshwa na dunia:

"Shii! Toka hapo, usinizoee!"

Jamani, watu walicheka. Mzee Kibwana, mumewe Sikudhani, alicheka mpaka akakaa chini mchangani na kofia yake ikamdondoka.

"Nimekwisha," alisema akijifuta machozi. "Nilioa mmoja, sasa ninao wawili."

Fundi Leokadia, binti mpole wa kutoka kituo cha mimea, aliwangoja wanyamaze ndipo akaeleza. Kisemeo ni kidude cha ukubwa wa konokono, na kina nywele nyembamba zinazopita chini ya gamba la mti. Nywele hizo husikiliza maji yanavyopanda, mafuta yanavyojaa kwenye majani, mizizi inavyohangaika na kiu. Kisha kisemeo huitafutia hali hiyo maneno, na maneno yenyewe huyaokota kwa mtu aliyezoea kukaa karibu na mmea.

"Kwa hiyo, Bibi, kichaka hakifikiri kama sisi," alisema. "Ila kikiumia, kinaumia kweli. Maneno ni yako, maumivu ni yake."

"Na nikitaka kuchuma, mwanangu?"

"Unaomba kwanza."

Sikudhani akacheka kicheko cha puani. "Kuomba? Mimi naomba tangu kifua hakijaota."

Na hakusema uongo. Mama yake alimfundisha hivi: dawa hufuatwa asubuhi kabla hujamsalimia mtu. Ukifika kwenye kichaka unapiga hodi mara tatu. Unamtaja mgonjwa kwa jina la mama yake, maana baba ni maneno ya watu lakini mama huonekana. Unachuma upande wa mawio, kwa mkono wa kuume, na ukimaliza unaondoka bila kusema ahsante. Dawa haishukuriwi. Ukiishukuru, inadhani kazi imekwisha.

Tena kazi za kivumbasi haziishi. Mtoto akiumwa tumbo, fikicha majani umpe maji yake kijikoni. Mtu akishikwa na homa, chemsha, mfunike shuka na chungu chake, atoke jasho. Mbu wakizidi, ning'iniza matawi mlangoni. Majani makavu yaweke kwenye gunia la maharage, na fukusi watahamia kwa jirani. Hata maji ya kumwoshea marehemu hutiwa majani yake. Lubwe mtu alizaliwa akinukia kivumbasi na akazikwa akinukia kivumbasi.

Zamani vilijiotea tu kila ukingo wa shamba, hakuna aliyevitazama mara mbili. Vikaja viwanda vya mafuta ya kunukia na mashine zao, zikang'oa na mizizi. Ikafuata miaka ya vumbi, ikamalizia. Vile vichache vya kale vilivyosalia ndivyo kituo kilivyovifunga visemeo, ili mwenye kukata asikie kwanza anamkata nani. Askari hakuna, faini hakuna. Ubavuni mwa kisemeo kipo kifuniko kidogo. Ukikibonyeza, kichaka kinanyamaza kama zamani.

Sikudhani hakuwahi kukibonyeza. Atakibonyeza kwa nini? Kila alipopiga hodi kichaka kiliitika vizuri. "Chuma, ila usiguse ncha." Au, "Niletee maji kwanza, koo limekauka." Walizoeana kama mawifi wanaopendana, ambao ni wachache lakini wapo.

*

Mwaka ule vumbi la bondeni lilipanda mpaka kwenye milima, jekundu, jembamba kama unga uliopigwa chekecheke mara mbili. Mzee Kibwana alikuwa juu ya paa la banda akifunga bati lililolegea. Aliposhuka alikuwa anakohoa, na kufika jioni homa ikamvaa. Usiku kifua kilianza kupiga filimbi. Hicho ndicho kifua cha vumbi, na kila mtu Lubwe aliijua filimbi ile. Inapiga, inapiga, kisha inanyamaza, na ikinyamaza mwenye kifua amekwenda.

Kipulizo cha zahanati walikitumia mpaka kikatoa hewa tupu. Kulipokucha Zamda, binti yao aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa mlangoni anafokeana na simu.

"Wanasema kidege cha wagonjwa hakiruki katika vumbi hili," alisema. "Kesho, upepo ukitulia. Kesho! Mama, kesho ni mbali."

Sikudhani hakumjibu. Alikuwa ameshachukua kikapu, na mtu anayefuata dawa hasemi na mtu. Alivuka ua akiwa amejifunga kanga usoni, akasimama mbele ya kivumbasi.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi. Nimekuja kwa ajili ya Kibwana, mwana wa Mwanakheri. Kifua kimembana."

Akanyoosha mkono wa kuume.

"Hapana," kikasema kichaka.

Mkono ukabaki hewani kama wa mtu aliyenyimwa salamu hadharani.

"Umesemaje?"

"Hapana, mwanangu. Leo hapana." Kilimwita mwanangu kwa sababu yeye mwenyewe huita hivyo watu wote, hata mwenyekiti wa kijiji.

"Hukunisikia. Ni Kibwana. Kibwana huyu anayekumwagia maji ya kunawia."

"Nimesikia. Pole. Nimebeba."

Ndipo akakitazama vizuri. Kilikuwa kimechanua kila ncha, vishada vya maua ya zambarau iliyopauka, na nyuki wachache wamejikunyata humo wakikimbia upepo. Akashika kishada kimoja akakifungua kwa ukucha. Mbegu zilikuwa bado kijani, laini kama mayai ya chawa.

"Mwaka jana, sijapata sauti, mlinikata nimebeba," kilisema kichaka taratibu, kikiokota maneno moja moja. "Na mwaka wa nyuma yake. Mzizi wa upande wa kisima umekauka. Ukinikata leo, sichipui tena."

Sikudhani alirudi ndani na kikapu kitupu. Tangu azaliwe hajawahi kutoka pale na kikapu kitupu.

*

"Ni kichaka, Mama!" Zamda alipandisha sauti, kisha akaishusha kwa kumwogopea mgonjwa. "Kichaka! Na huyu ni baba. Kidude kile kinazungumza maneno yako mwenyewe. Umejiambia hapana mwenyewe halafu umejitii!"

"Mimi nilisema ndiyo," alijibu mama yake. "Mkono wangu ulikuwa umeshafika. Sasa ile hapana imetoka kwa nani?"

"Bonyeza kifuniko. Nani atakuuliza?"

Sikudhani akaketi ukingoni mwa kitanda. Hilo alikuwa ameshaliwaza njiani, tena zaidi ya mara moja, na kidole kilikuwa kinamwasha. Alimtazama mumewe. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, kama yale maua. Kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisima kirefu.

"Msigombane," Kibwana alisema. "Mama yako... mimi alinikataa mara mbili."

"Mara moja," alisema Sikudhani.

"Mbili. Ya kwanza kwa mdomo wa mjomba wake." Akapumzika, akavuta nyingine. "Ya pili mwenyewe. Ana ndoo kichwani. Hata hakuitua."

"Ningeitua ungedhani nimekubali."

"Nikaondoka," Kibwana akamwambia binti yake, na katikati ya filimbi ile akatabasamu. "Rafiki zangu wakaniambia, wewe mjinga, mvizie njiani umshike mkono. Sikumshika. Ndiyo maana leo... ananiuguza."

"Baba, wewe hukuwa unakufa!"

"Nilidhani nakufa."

Zamda akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akatoka akienda jikoni. Sikudhani alimfunika mumewe vizuri. Alijua mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Kibwana akifa leo huku kile kichaka kimesimama na majani yake, hatajisamehe. Na akikikata hiki kimoja kilichobaki Lubwe, kikafa, vifua vyote vya Lubwe vitakavyobanwa mwakani havitakuwa na pa kupiga hodi. Hapo hapana mkubwa wala mdogo. Alitamani mama yake angekuwa hai, amuulize.

Akainuka, akarudi uani.

*

Safari hii hakupiga hodi. Aliinama, akapapasa shina mpaka akakipata kisemeo, akaweka kidole juu ya kifuniko. Kilikuwa na joto, maana kisemeo hula jua, na jua lilikuwa limeanza kuchoma hata kwenye lile vumbi.

"Nisamehe, shoga yangu," alisema.

"Miaka yote hodi, hodi," kilisema kichaka. Hakikuwa na hasira. Kilikuwa kama mtu anayekumbuka kitu akiwa peke yake. "Hodi, hodi, hodi. Sikuitika."

Sikudhani akabaki ameinama.

Maana sheria ya hodi kila mtoto anaijua kabla hajajua kufunga vifungo. Unabisha mara moja. Unabisha ya pili. Unabisha ya tatu, na wenyewe wasipoitika, unageuza, unakwenda zako, hata kama mlango uko wazi na unaona ugali mezani. Anayepita hapo ana jina lake, na jina hilo si zuri. Yeye amelelewa hivyo. Amewachapa wanawe kwa hilo. Na mbele ya kichaka hiki amebisha tangu usichana wake, kabla ya kisemeo hakuitikiwa hata siku moja, na hata siku moja hakugeuza. Alikuwa akiingia.

Akaondoa kidole. Akakaa chini, kanga yake ikajaa vumbi, akaegemeza mgongo kwenye shina kama alivyokaa na mama yake zamani.

"Basi sikuchumi," alisema. "Lakini mume wangu anakufa, na mimi sina akili nyingine. Niambie wewe. Kipo kitu unachoweza kutoa usiumie?"

Kisemeo kilikuwa kinatafuta maneno, na pengine swali lile hakijawahi kulisikia.

"Mlete," kikasema.

"Nani?"

"Mgonjwa. Siku zote mnanipeleka mimi kwake. Mlete yeye. Jua likinipiga utosini natoka jasho. Jasho lenyewe natoa. Jasho simnyimi mtu."

Ee, Mungu wangu. Harufu ile ya adhuhuri! Inayojaa uani kila siku jua likisimama, mpaka nguo zilizoanikwa huvaliwa zikinukia. Amekaa nayo umri wote, akaiona kama upepo tu.

Aliinuka kwa haraka, magoti yakalia. Aligeuka, na hapo akamkuta Zamda amesimama nyuma yake na kisu cha jikoni.

"Sentensi hamalizi tena," Zamda alisema. "Nimemwita hakuniitika vizuri. Sogea, Mama."

"Tunamleta hapa. Tunamfunika pamoja nacho."

"Sogea!"

"Zamda, nisikilize. Jua likianza kuinama kifua hakijafunguka, nitakata mwenyewe. Kwa mkono huu. Na kifuniko sitakibonyeza, nitakiacha wazi nimsikie ninayemkata. Ila kwanza tupite mlango tuliofunguliwa."

Zamda alikuwa ameshampita. Aliinua kisu kwenye tawi la kwanza.

"Kaa, Zamda mwanangu," kilisema kichaka. "Lia kwanza. Maji utakunywa baadaye. Nyumba hii haina mlango wa kukufukuza."

Kisu kikasimama. Yalikuwa maneno ya mama yake, neno kwa neno, ya jioni ile aliporudi na begi moja na jicho limevimba, akakaa papo hapo chini ya kivumbasi kwa sababu aliona haya kuingia ndani. Hakujua kwamba walikuwa watatu.

Akakitupa kisu mchangani. "Shika kiti upande ule, tumbebe Baba," alisema kwa sauti ya mafua. "Mama, shika basi, tunachelewa."

*

Walimbeba Mzee Kibwana kwenye kiti cha uvivu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakipumzika kila hatua chache. Wakamweka ubavu kwa ubavu na kichaka, uso umeelekea katikati ya matawi. Wakatandaza shuka juu, yeye na kivumbasi ndani ya hema moja, wakalilowesha shuka kwa maji ili vumbi lishikwe nje. Beseni la maji moto likawekwa miguuni pake, mbali na mizizi.

Kutoka ndani ikaja sauti, nyembamba kama uzi. "Hodi."

"Karibu," kikajibu kichaka. "Usinivunje matawi."

"Huyu ni nani... kichaka au mke wangu?"

"Nyamaza uvute pumzi," wakasema wote wawili, na Zamda akashika tumbo kwa kicheko.

Jua lilipanda. Ndani ya shuka joto likawa la tanuri, na kivumbasi kikaanza kutoka jasho. Harufu ilivuka kitambaa, kali, tamu, ya kuchoma pua, na nyuki walioachwa nje wakazunguka wakilalamika. Kivuli cha banda kilijikunja mpaka kikawa ukanda tu. Filimbi ilipiga. Sikudhani alikaa akiisikiliza kama mama anayesikiliza uji usimwagike. Ilipiga. Ikadhoofika.

Kivuli kikaanza kurefuka upande wa pili.

Zamda alimtazama mama yake, kisha akatazama mchangani. Sikudhani aliinama, akakiokota kisu, akakifuta kwenye kanga.

"Hodi," alisema. "Hodi. Nimekuja..."

Ndani ya shuka kitu kilipasuka. Kibwana alikohoa kikohozi cha chini kabisa, cha kutoka kwenye visigino, tena, na tena. Sikudhani alifunua, akamkingia beseni, likatoka kohozi jekundu la vumbi, zito kama tope la kufinyangia. Kisha akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu. Iliingia, ikaingia, ikakuta nafasi, ikaendelea kuingia.

Wote watatu walikaa wakiitazama pumzi ile kana kwamba ni mtu amefika kutoka safari.

"Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone," Kibwana alisema baadaye, jasho likimtiririka, jani limemganda kwenye paji la uso. "Leo mgeni ndiye aliyepona. Basi niseme tu..."

"Usiseme!" Sikudhani alimziba mdomo kwa kiganja. "Dawa haishukuriwi."

"Shii," kikasema kichaka.

*

Kidege, mashine inayojirusha yenyewe, kilikuja kesho yake, upepo ulipotulia, kikampulizia dawa na kumwacha na kipulizo kipya. Mashine ilisema kifua kilikuwa kimefunguka kabla haijafika, ikauliza kwa kutumia nini. Zamda akaiambia ingoje zamu yake, kuna wakubwa mbele.

Mvua zikaja. Mbegu zikakomaa, kichaka kikawaambia wakung'ute, na kila nyumba ya Lubwe ikapata za kumwaga ukingoni mwa shamba. Mavuno ya maharage yakaingia, na Sikudhani akataka majani ya kuweka kwenye gunia kabla fukusi hawajapata habari.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi yake. Alichukua kikapu, hakumsalimia mtu, akavuka ua uliolowa.

"Hodi," alisema.

Kivumbasi kilisimama kimya, kimenawiri, majani mapya yanametameta kwa matone. Kisemeo hula jua, na jua halikuwepo.

"Hodi."

Tone likadondoka.

"Hodi."

Alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja mlangoni pa watu, mikono mbele, asichungulie. Kisha akageuza, akarudi zake.

Kibwana alikuwa barazani anakunywa chai. Akakitazama kikapu, akamtazama mkewe. "Mbona kitupu? Yamekwisha majani?"

"Majani yamejaa."

"Sasa?"

"Nimebisha mara tatu. Wenyewe hawakuitika."

"Na fukusi je, nao wanajua kubisha?"

"Wakija utawafukuza wewe. Una pumzi siku hizi."

Kibwana akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika, mpaka kofia ikadondoka, na Sikudhani akasimama na kikapu chake kitupu kiunoni, akakisikiliza kile kicheko mpaka mwisho wake, akingojea kikohozi. Hakikuja.